Maji ya Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu. Nilifagia mbele ya chumba chetu, nilichemsha chai, kisha nilimfuata mama kwenye kibanda cha mashine kuangalia saa ya presha. Kazi mbili za kwanza nilizifanya huku nimenuna, sina sababu ya kudanganya sasa. Ile ya tatu niliipenda, na ndiyo iliyonitia matatani.

Mama yangu, Ketrina, ndiye aliyetunza bwawa la kuogelea katika nyumba ya wageni ya Bi Naila, pale Chapwa, Tunduma. Tulikaa chumba cha uani, palepale. Watu walipoambiwa kuwa fundi wa bwawa ni mwanamke walicheka kwanza, halafu walikwenda kutazama maji, na kicheko kikaisha. Ungedondosha sarafu upande wenye kina, ungeiona chini kana kwamba iko mezani. Kila Jumamosi wanafunzi wa shule za jirani walikuja kujifunza kuogelea, na mama alikuwa na msimamo mmoja: mtoto haingii kwenye maji ambayo sakafu yake haionekani, maana anayezama kwenye maji machafu hakuna wa kumwona.

Siri ya usafi ule ilikuwa ndani ya kibanda. Mlikuwa na pampu, na pembeni yake mtungi mkubwa wa plastiki ngumu ulionizidi kimo, umejaa mchanga maalumu kupita nusu. Pampu iliyavuta maji ya bwawa na kuyasukuma juu ya mchanga. Maji yalipenya hadi chini, uchafu ukabaki kwenye mchanga, na maji safi yakarudi bwawani. Baada ya siku kadhaa mchanga huziba na mshale wa saa ya presha hupanda. Mama alikuwa ameweka alama kwenye kioo cha saa ile kwa rangi yake nyekundu ya kucha. Mshale ukifika pale, mchanga unataka kuoshwa.

Kuosha kwenyewe hakukuhitaji sabuni wala brashi. Juu ya mtungi kulikuwa na mkono wa kugeuza, na mama aliandika kwa rangi nyeupe mahali patatu pa kuusimamisha: KUCHUJA, KUOSHA, KUSUUZA. Ukiupeleka kwenye kuosha, maji yanaingia kwa chini, yanaunyanyua mchanga na kuuvuruga, na uchafu wote unatokea bomba la nyuma. Unatazama kioo kidogo kilichopo ubavuni. Maji hupita yakiwa ya kahawia, baadaye rangi ya chai ya maziwa, mwisho yanakuwa meupe. Unazima. Unasuuza kidogo ili mchanga utulie. Unazima tena, ndipo unarudisha kwenye kuchuja.

"Na kabla ya kuugusa mkono huu?" mama aliniuliza kila mara.

"Nazima pampu."

"Hata kama una haraka?"

"Hata kama nyumba inaungua, mama."

"Nyumba ikiungua kimbia, mwanangu. Lakini mkono huu usiugeuze pampu ikiwa inanguruma. Ndani kuna mpira. Maji yanasukuma kwa nguvu, ukigeuza unaukata."

Anayeijua Tunduma anajua shida yake ya maji. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, mabomba ya mtaani hukauka, na foleni ya madumu hushindana na ile ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kwa hiyo mama aliona ni dhambi kumwaga mtaroni maji ya kuoshea mchanga. Alimwomba Bi Naila, bomba likavushwa nje ya ukuta wa nyuma, na kila Jumatano saa kumi jioni majirani walikuja na vyombo vyao. Maji ya kwanza, yale ya kahawia, waliyachukua wafyatua tofali. Yaliyofuata watu walikinga kwa ajili ya kudekia na kumwaga chooni. Kila wiki mama aliwakumbusha kwamba yana dawa, si ya kunywa wala kupikia. Mtaa mzima uliyaita maji ya Jumatano.

Aliyesimamia foleni ile alikuwa Babu Uledi, mlinzi wetu wa getini. Alitoka Tabora zamani akiwa utingo wa malori, akafika mpakani, akazeekea hapo. Hakuwa babu yangu wa damu, ila ndiye babu niliyekuwa naye. "Fundi Nesta," alinitania nikipita getini na begi la shule, "presha ya mashine najua iko sawa. Ya kwako je? Hesabu umefanya?"

Swichi kubwa ya umeme ilikuwa kwenye kibanda chake. Umeme ukikatika aliizima papo hapo, na hakuiwasha mpaka umeme urudi na kutulia, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vyombo. Kabla hajaajiriwa, Bi Naila aliunguliwa friji mbili kwa uzembe wa mlinzi aliyekuwa akilala. Katika miaka tisa ya Babu Uledi haikuungua hata balbu. Kazi ya mlinzi ni macho yake, na yeye alijivunia macho yake kuliko kitu chochote.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi mama alipigiwa simu kutoka Isongole. Mjomba wake amefariki. Alijifunga kanga, akatia nguo mbili kwenye mfuko, akatafuta gari la kupitia Mpemba. Mimi nilikuwa darasa la sita na tulikuwa katikati ya mitihani, kwa hiyo nikaachwa kwa Dada Fausta, mpishi wa pale. Dawa ya bwawa alikabidhiwa Dada Fausta, imeshapimwa, nami nikaambiwa nisiiguse.

"Kesho ni Jumatano," mama alisema akiwa na mguu mmoja nje ya geti. "Utaosha mchanga mara moja tu, Babu Uledi akiwa amesimama mlangoni. Peke yako hapana. Na asubuhi kabla ya kuwasha pampu, nenda kwanza ukatazame maji ya bwawa yamefika wapi. Macho kwanza, mkono baadaye. Umenisikia?"

Nilisema nimesikia. Na kusikia nilisikia kweli.

Jumatano saa kumi nilifika kwenye kibanda nimejiandaa kama bibi harusi. Nilivaa hata glavu za mama zilizonipwaya. Babu Uledi alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama alivyoagizwa. Nyuma ya ukuta kelele za watu zilikuwa zimeshaanza, maana wiki ile bomba la mtaani lilikuwa halijatoa maji siku nne.

"Babu, nenda ukawapange huko nyuma, wanasukumana," nilimwambia.

"Mama yako alisema nisimame hapa."

"Mama hayupo. Na wewe mashine huijui, Babu, utasimama kufanya nini?"

Niliyasema nikicheka, lakini niliyasema. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akaenda. Mpaka leo nayakumbuka maneno yale na ninaona haya.

Mwanzoni nilifanya kila kitu sawasawa. Nilizima pampu, nikageuza mkono kwenye kuosha, nikawasha. Kwenye kioo yakapita maji ya kahawia, yakafifia, yakawa meupe. Nikazima. Hapo kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kusuuza tu. Ndipo nikasikia sauti ya Gwalugano, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja.

"Nesta, bado. Mama hajapata hata dumu moja."

Nikawasha tena. Nikazima. Mwingine akaita, "Nesta, na huku." Mwanamke mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja kuuza dagaa na kulala kwa ndugu zake mtaani kwetu, akanishukuru kwa lugha ya kwao kwa sauti ya upole, "Natotela, mwanangu, natotela. Ongeza kidogo." Sikuwahi kuitwa na watu wazima wengi namna ile, tena kwa kushukuriwa. Darasani mimi ni mtu wa katikati tu, si wa kwanza wala wa mwisho. Lakini siku ile nyuma ya ukuta ule mimi ndiye niliyekuwa na maji, na nilivimba kichwa.

Niliosha mara ya tatu, nikasuuza, nikaosha tena. Swichi ya pampu ilikuwa mlangoni, hatua sita kutoka kwenye mtungi, na hatua zile zilianza kunichosha. Mara ya tano sikwenda mlangoni. Pampu ilikuwa inanguruma, nikaushika mkono kwa nguvu zote, nikaugeuza.

Kitu kilikatika ndani. Haikuwa sauti kubwa. Mkono ambao siku zote ni mgumu ukawa mwepesi.

Nilikimbia kuzima. Niliurudisha mkono kwenye kuchuja, nikawasha kwa hofu. Mkono ukiwa kwenye kuchuja, tone halitakiwi kwenda nyuma, lakini bomba liliendelea kumwaga, na watu nje waliendelea kushangilia. Nikazima kabisa. Maji yalipungua, yakawa ya unene wa kidole gumba, ila hayakukata. Mwenye akili angekimbia kumwita Dada Fausta. Mimi nilijiambia yatakata yenyewe. Nikachukua daftari la mama nikaandika tarehe, na mbele yake: "Nimeosha. Kila kitu sawa."

Jioni Babu Uledi alinifuata, suruali imelowa hadi magotini kwa kuwasaidia kina mama kuvusha madumu barabarani.

"Nesta, mbona bomba la nyuma halikati?"

"Mama amesema yaachwe yaishe yenyewe."

"Haya," akasema. Aliniamini, akarudi kuwasaidia kina mama. Saa moja baadaye umeme ulikatika, ukarudi, na kama kawaida yake alizima swichi kubwa na kuiwasha mambo yalipotulia. Mimi mwenyewe nilimwona akifanya hivyo, kwa macho yangu haya.

Asubuhi ya Alhamisi nilichelewa kuamka. Tulikuwa na mtihani wa hisabati saa mbili. Nilipita kibandani mbio, nikawasha pampu, nikatoka mbio. Sikwenda kutazama bwawa. Maji yalikuwa yametoka usiku kucha, yakashuka chini ya mdomo ulio ubavuni mwa bwawa, ambao pampu huvutia maji. Kwa hiyo pampu yetu ilivuta hewa tupu asubuhi nzima, mpaka ikaungua.

Niliporudi saa nane mchana nilikuta harufu ya waya ulioungua imetanda uani. Bi Naila alikuwa amesimama kando ya bwawa pamoja na wafanyakazi wote. Gasper, fundi umeme, alikuwa amechuchumaa kibandani akigusa pampu kwa bisibisi. Nyuma ya geti dogo walikusanyika majirani, Gwalugano na mama yake wakiwa mbele.

"Shikamoo, Bi Naila," nilisema.

"Marahaba. Nesta, mama yako alikuachia mashine. Kimetokea nini?"

Bi Naila hakuwa mkali kwa watoto. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, na kama ningejibu kwa sauti ya kawaida mambo yangeishia hapo. Lakini macho yote yalinigeukia, yaleyale yaliyonishukuru jana. Sikutaka yabadilike. Nikakumbuka umeme.

"Jana jioni umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu," nilisema. "Nafikiri ndio ulioharibu mashine, ikaanza kumwaga maji."

"Swichi kubwa haikuzimwa?"

"Babu Uledi alikuwa amelala."

Neno lilitoka hivyo tu. Sikulipanga, na sikumchukia Babu Uledi. Nilitafuta mtu wa kuweka kati yangu na lile swali, naye alikuwa karibu.

Bi Naila alimgeukia. "Mzee Uledi, ulilala?"

Babu Uledi alifungua mdomo. Alianza, "Mimi jana...", kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri, akasubiri kweli, na mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Mwisho akasema, "Mtoto ameshasema."

Sisi wote tuliomfahamu tungepaswa kushangaa. Lakini Bi Naila alikuwa ameshaunguliwa friji mbili na mlinzi mlalaji, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kabla ya magharibi Babu Uledi alikabidhi funguo na tochi. Alipita getini amebeba kiti chake kidogo cha kukunja. Nyuma yangu niliwasikia majirani wakinong'ona kwamba kumbe mzee siku hizi analala kazini.

Ijumaa Gwalugano hakunipitia kwenda shule. Nilimkuta darasani, amehamia dawati la nyuma. Wakati wa mapumziko alinifuata chini ya dirisha la stoo.

"Babu Uledi hakulala," alisema. "Umeme ulipokatika alituacha na dumu letu katikati ya barabara, akakimbia getini kuzima swichi. Mama yangu alimwona. Na maji yalianza kumwagika kabla ya umeme kukatika."

"Usimwambie mtu, Gwalu. Nakuomba."

"Mama alitaka kusema jana, nikamzuia. Nilimwambia wewe ni rafiki yangu na utasema mwenyewe." Akanisogelea. "Utasema?"

Nilirudi darasani. Chakula changu siku ile nikampa mwenzangu.

Jumamosi asubuhi wanafunzi walikuja na taulo zao kama kawaida. Maji yalikuwa yameshaanza kugeuka kijani, sakafu haionekani. Dada Fausta aliwarudisha getini, ambako sasa hakukuwa na mtu. Watoto wa darasa la tatu waliondoka wakiburuza taulo kwenye vumbi. Nilijificha chumbani mpaka sauti zao zikaisha.

Mama alirudi saa sita, macho mekundu kwa kilio cha msiba na vumbi la safari. Dada Fausta alimsimulia yote kabla hajaketi. Mama alinywa maji, akabadilisha kanga, akachukua spana, akaniita.

"Njoo unishikie boliti."

Kibandani alifungua boliti za kichwa cha mtungi moja baada ya nyingine, nami nikazipokea kiganjani. Alikiinua kichwa kile, akakigeuza juu chini. Ndani, mpira mweusi wenye umbo la gurudumu la baiskeli ulikuwa umejikunja, na njiti zake mbili zimekatika. Mama alizigusa njiti zile kwa kidole. Kisha akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Nesta. Umeme unaunguza pampu, sikatai. Lakini umeme haukunji mpira."

Nilijaribu kusema, nikalia. Mama hakunibembeleza wala hakunikaripia. Alingoja kilio kipungue, ndipo nikamweleza: foleni, sifa, hatua sita ambazo sikuzitembea, daftari, na Babu Uledi niliyemwambia haijui mashine. Nilipofika kwenye neno "amelala" mama alifumba macho.

"Uliona kwa macho yako akizima swichi?"

"Niliona, mama."

"Osha uso. Twende."

Kwanza tulikwenda kwa Bi Naila. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono umeshika meza. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiona aibu mbele ya mtoto, nami nilimwona siku ile. "Nilimhukumu mtu aliyenitumikia miaka tisa kwa neno moja," alisema, akatafuta viatu. "Na mimi nakuja."

Babu Uledi alipanga chumba karibu na barabara ya malori. Tulimkuta uani anafunga kamba godoro. Wapangaji wenzake walikuwa wanaosha vyombo, nao wakatupisha. Nilipiga magoti.

"Babu, hukulala. Mimi ndiye niliyevunja mashine. Nilikusingizia."

"Najua, mjukuu wangu," alisema. "Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Kwa nini hukujitetea, mzee wangu?" Bi Naila aliuliza, na sauti yake haikuwa ya bosi.

"Mtu mzima na mtoto wakibishana mbele ya watu, aibu ni ya mtu mzima. Nikajua atasema. Nikangoja Alhamisi, nikangoja Ijumaa." Alikaza fundo la kamba. "Jana nilikwenda kuomba lindo kwenye maegesho ya malori. Kijana wa pale akaniambia, wewe si yule mzee anayelala? Habari ilikuwa imeshanitangulia. Basi nikampigia binti yangu Igamba. Mume wake ana shamba la kahawa, nitakwenda kukaa nao."

Bi Naila alimwomba msamaha, akamwomba arudi, kazi yake ipo palepale. Babu Uledi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Nimewasameheni wote wawili, na sina kinyongo. Lakini kurudi hapana. Nilikuwa nakaa pale getini nikijua kila anayepita ananiamini. Sasa kila nikipiga miayo watu watatazamana. Umri wangu huu sitaki kuishi hivyo."

Bi Naila aliahidi kumwandikia barua ya kumsafisha jina, na aliiandika siku hiyohiyo. Mama alimsaidia kufunga mizigo. Mimi nilibeba kiti chake cha kukunja mpaka barabarani, na Jumapili asubuhi aliondoka na gari la Igamba kabla sijaamka kwenda kanisani.

Wiki iliyofuata tulikuwa na kazi. Gasper aliichukua pampu kwenda kuisuka waya upya. Mama alipata mpira mpya kutoka Mbeya, akanifanya niuweke mimi, huku ananisimamia kila boliti. Tuliutoa mchanga wa juu uliogandamana, tukauosha kwenye beseni mara nyingi mpaka maji yakatoka meupe, tukaurudisha. Mikono yangu ilichubuka, na nilifurahi kuwa na kitu kinachouma mahali pa kuonekana.

Jumatano mashine ilikuwa bado haijakamilika, lakini majirani walikuja kujaribu bahati yao. Mama alinishika bega.

"Ulimsema mbele ya watu. Nenda ukamsafishe mbele ya watu."

Nilitoka kwa geti dogo, nikasimama pale bomba lilipotokea. Walikuwepo watu thelathini hivi. Niliwaambia kwamba leo hakuna maji, na sababu ni mimi. Niliwaambia Babu Uledi hakulala siku ile, wala siku nyingine yoyote, na kwamba mimi nilimwona akizima swichi kisha nikasema uongo. Hakuna aliyenizomea. Ingekuwa nafuu wangenizomea.

Mama yake Gwalugano aliweka dumu lake tupu chini. "Umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Sasa mzee mwenyewe yuko wapi ayasikie?"

"Ameshaondoka," nilijibu.

Walianza kutawanyika mmoja mmoja na madumu yao matupu. Gwalugano alibaki, akanishika mkono.

Jioni ile mama aliketi nami kwenye ngazi ya bwawa. Maji mapya yalikuwa yanaletwa na boza, yakipanda taratibu ukutani. Jumamosi ya wiki iliyofuata wanafunzi wangeogelea tena, na sakafu ingeonekana.

"Kila mtu hukosea kwenye mashine," mama alisema. "Hata mimi nilikata mpira mmoja nilipokuwa najifunza, nikaenda nikasema, nikagombezwa, yakaisha. Wewe ungesema Jumatano, tungepoteza mpira. Uliponyamaza tukapoteza pampu. Uliposingizia, tukampoteza mtu. Mpira tumenunua na pampu imesukwa. Ukikosea, mwanangu, sema siku ileile, kosa likiwa bado dogo. Likikua halitakuwa lako peke yako."

Nilimwambia nimesikia. Kisha nikamwomba namba ya simu ya binti yake Babu Uledi kule Igamba. Nilipiga, simu ikapokelewa na mtoto mdogo, akaniambia babu yuko shambani na atamwambia nimepiga. Nilipiga tena Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata. Mara ya nne alipokea mwenyewe, na nilipoisikia sauti yake, neno pekee lililonitoka lilikuwa shikamoo.